Shahada ya Uhandisi wa Uzalishaji: Gharama, Kipato na Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale wanafunzi, wazazi na mafundi wanaofikiria kurudi darasani wanayouliza tena na tena. Mifano ya hesabu haitumii sarafu ya nchi yoyote. Tumeuita mshahara wa mwaka mmoja wa fundi sanifu wa kiwandani 100, na kila kiasi kingine kimepimwa kwa huo. Weka tarakimu zako mwenyewe mahali pake na hesabu itafanya kazi vilevile.

## Mambo ya msingi

Mhandisi wa uzalishaji anafanya kazi gani hasa?

Mtu mwingine anaweza kuchora gia nzuri sana. Mhandisi wa uzalishaji ndiye anayeulizwa: tutaitengenezaje gia hii mara elfu kumi, zote zifanane, na bado faida ibaki? Anaamua kama kipande kikerezwe au kimiminwe kwenye kalibu, anapanga mashine zikae wapi, anabuni jigi za kushikilia kazi, anapima muda wa kila hatua, na anasaka chanzo cha vipande vibovu.

Chukua kituo kimoja cha kuunganisha pampu, kile kinachobana laini nzima ya uzalishaji. Kila pampu inapofika, mfanyakazi anageuka nyuma kuchukua boliti, na pampu moja inatoka kila sekunde 48. Mhandisi analisogeza beseni la boliti mbele yake, usawa wa kiwiko, na kuitundika bisibisi ya upepo juu ya mkono wake wa kulia. Sasa ni sekunde 42. Kwa zamu yenye saa saba na nusu za kazi, hizo ni pampu 642 badala ya 562, na hakuna mashine mpya iliyonunuliwa. Hiyo tofauti ya pampu 80 ndiyo mwajiri anayoilipia. Ukielewa hapo, utaelewa pia kwa nini wahandisi wawili wenye cheti kimoja wanaweza kulipwa mishahara iliyopishana sana.

Inatofautianaje na uhandisi wa mitambo au uhandisi viwanda?

Uhandisi wa mitambo ni mpana zaidi: joto, mwendo, nguvu, usanifu wa mashine. Uhandisi viwanda unaangalia mfumo mzima, yaani watu, foleni, ghala, ratiba na gharama. Uhandisi wa uzalishaji unakaa katikati, karibu kabisa na chuma, plastiki na mashine yenyewe. Kwenye soko la ajira mipaka hii haina ukuta, na tangazo moja la kazi mara nyingi hukubali wenye shahada yoyote kati ya hizo tatu.

Kwa upande wa pesa hilo lina uzito. Kama chuo unachokitaka hakina shahada yenye jina la uzalishaji, au inayo kwa ada kubwa kuliko ya mitambo, kuchukua mitambo na kuchagua masomo ya uzalishaji hakukuondolei mlango wowote wa maana.

Kwa hiyo inalipa au hailipi?

Kwa wengi wanaomaliza kwa wakati na kuingia kiwandani, inalipa. Lakini swali lenyewe halijakamilika. Inalipa ukilinganisha na nini? Kijana ambaye bila shahada angepata kibarua cha mshahara mdogo, na fundi wa CNC (mashine zinazoongozwa na kompyuta) ambaye tayari analipwa vizuri, wanaweza kusoma darasa moja, kulipa ada ileile, na mmoja akapata faida kubwa huku mwingine akihangaika miaka kumi kurudisha alichokiacha. Kabla ya kuuliza shahada itakulipa nini, andika kwanza kwenye karatasi ungekuwa unafanya nini usipoisoma, na ungelipwa kiasi gani.

## Gharama

Nihesabu gharama zipi?

Ada ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kubwa ni mshahara unaouacha. Tuseme wewe ni fundi sanifu wa 100 kwa mwaka, unaacha kazi na kusoma miaka minne. Ada, vitabu, kompyuta, viatu vya usalama na michango ya karakana tuviweke 30 kwa mwaka.

Mshahara uliouacha ni 400. Ada na vifaa ni 120. Ukifanya kazi za likizo na mafunzo kwa vitendo yanayolipwa, tuseme unaokoa 10 kwa mwaka, yaani 40. Gharama halisi ni 480, na zaidi ya robo tatu ya hiyo haionekani kwenye risiti yoyote ya chuo. Ndiyo maana hata ufadhili wa ada yote haufanyi masomo kuwa ya bure.

Chakula na malazi navyo nihesabu?

Hesabu ile nyongeza tu. Ungekula na kulala mahali fulani hata kama usingesoma. Kama chuo kinakulazimisha kupanga chumba ghali kuliko unapoishi sasa, tofauti hiyo ndiyo gharama ya shahada.

Nikichelewa kumaliza mwaka mmoja, ni hasara kubwa?

Ni kubwa kuliko karibu kosa lingine lolote, na ndilo jambo ambalo wanafunzi hawalioni linavyokuja. Kwa mfano wetu, mwaka wa tano unaongeza mshahara mwingine ulioachwa wa 100 na ada ya 30, ukitoa 10 za likizo. Gharama inaruka kutoka 480 hadi 600. Juu ya hayo umepoteza mwaka mmoja wa mshahara wa mhandisi.

Wengi hukwama kwenye hisabati ya mwaka wa kwanza, mekanika na nguvu za vifaa, kwa sababu masomo hayo yanafungua mengine: ukifeli moja, matatu yanasubiri. Pesa ya mwalimu wa ziada katika muhula wa kwanza, au miezi mitatu ya kujinoa hisabati kabla ya kuanza, ni ndogo sana mbele ya 120. Ningekuwa na nafasi ya kumshauri mwanafunzi jambo moja tu la fedha, ningemwambia hilo.

Mkopo wa kiasi gani ni mkubwa mno?

Kanuni inayotumiwa sana na washauri wa fedha ni kwamba deni lote siku ya kuhitimu lisizidi mshahara ghafi wa mwaka wako wa kwanza kazini. Angalia neno «siku ya kuhitimu». Ukikopa 30 mwanzoni mwa kila mwaka kwa riba ya asilimia 8, na riba ikawa inajijumlisha ukiwa bado darasani, 120 ulizochukua zinakuwa kama 146 siku unapovaa joho.

Kama mshahara wa kuanzia ni 140, umeshavuka mpaka kidogo. Kulipa deni hilo kwa miaka kumi ni karibu 22 kwa mwaka, yaani asilimia 15 au 16 ya mshahara kabla ya makato. Inabebeka, lakini utaisikia. Ukikopa na pesa ya kujikimu juu ya ada, hesabu haibebeki tena bila msaada wa nyumbani. Kabla ya kusaini, uliza mambo mawili: riba inaanza kuhesabiwa lini, na marejesho yanapimwa kwa kipato au ni kiasi maalumu hata ukiwa huna kazi.

Nirefushe muda wa marejesho ili nipumue?

Deni lilelile la 146 kwa miaka kumi linakugharimu jumla ya 218 hivi. Kwa miaka ishirini, karibu 297. Refusha kama ni lazima, hasa mwaka wa kwanza, lakini hakikisha mkataba unaruhusu kulipa zaidi bila faini pindi mshahara unapopanda.

## Kipato

Wastani wa mshahara unaotangazwa niuamini?

Usome kwa makini. Mara nyingi wastani huo umechanganya mhandisi wa mwaka wa kwanza na mwenye uzoefu wa miaka 25, na unahesabu waliobaki kwenye fani tu. Walioishia mauzo, ualimu au biashara zao hawamo. Vyuo navyo hutangaza mishahara ya wahitimu waliojibu dodoso, na aliyekosa kazi hana hamu ya kujibu.

Omba namba tatu badala ya moja: mshahara wa kati wa wahitimu wa mwaka mmoja (nusu yao wanapata chini yake, nusu juu yake), idadi ya waliojibu kati ya waliohitimu wote, na wangapi kati yao wanafanya kazi inayohitaji shahada hiyo. Chuo kikikwepa maswali hayo, chukulia kukwepa kwake kuwa ni jibu.

Itachukua miaka mingapi kurudisha gharama?

Rudi kwenye 480. Tuseme mhandisi mpya anaanza na 140 dhidi ya 100 ya fundi, na baada ya miaka mitano pengo linafika 70. Miaka mitano ya kwanza inarudisha 200. Zilizobaki 280, kwa 70 kila mwaka, ni miaka minne. Jumla miaka tisa baada ya kuhitimu.

Sasa mbadilishe mtu. Kijana aliyetoka sekondari, ambaye kazi ambayo angeipata inalipa 60, anaacha 240 tu. Ukiongeza ada 120 na kutoa 40 za likizo, gharama yake ni 320. Pengo lake ni 80 tangu mwanzo. Miaka minne, amemaliza. Chuo na ada ni vilevile, kilichotofautiana ni walichokiacha nyuma.

Kumbuka pia kwamba pesa ya mbali ni nyepesi kuliko ya leo. Ukitumia kiwango cha asilimia 7, kila 1 utakayoipata miaka kumi ijayo ina thamani ya karibu nusu leo. Kwa hiyo miaka tisa ya fundi wetu kiuhalisia ni zaidi ya hapo, na ile minne ya kijana haisogei sana. Kadiri faida inavyochelewa ndivyo unavyopaswa kuikata thamani.

Mbona fundi wa zamu analipwa sawa na mimi niliyehitimu?

Kwa sababu analipwa kwa saa na wewe kwa mwezi. Fundi wa 100 kwa wiki ya saa 40, akiongeza saa kumi za muda wa ziada zinazolipwa mara moja na nusu, anapata 137.5. Wewe mwenye 140 mara nyingi unabaki kiwandani saa hizohizo hamsini laini inapokwama, bila nyongeza. Kwa saa, mko sawa.

Si dhuluma, na wala haidumu milele, kwani mshahara wa fundi una dari ya saa anazoweza kusimama na wako una ngazi. Lakini ujue mapema. Unaposoma barua ya ajira, gawanya mshahara kwa saa unazotarajia kufanya kweli, kisha uliza kuhusu zamu za usiku, kuitwa mwisho wa wiki, na bonasi imefungwa kwenye nini.

Mshahara unaendelea kupanda, au unafika mahali unasimama?

Unaanza juu, halafu mteremko wa kupanda unalegea. David Deming na Kadeem Noray, katika utafiti wao uliochapishwa 2020 kwa kutumia takwimu za Marekani, walionyesha kwamba faida ya kipato ya waliosomea fani za teknolojia kama uhandisi, dhidi ya wahitimu wa fani nyingine, huwa kubwa mwanzoni na kupungua sana katika miaka kumi ya kwanza. Sababu waliyoitoa ni kwamba ujuzi unaodaiwa kwenye kazi hizo hubadilika haraka, na wa zamani hupitwa.

Kwenye sakafu ya kiwanda unaliona hili wazi. Aliyejifunza mashine ya aina moja na kuishia hapo, akija mwingine anayeweza kuunganisha roboti, kusoma takwimu za ubora na kuzungumza na wahasibu, anapitwa. Weka bajeti ya kujisomea tangu mwaka wa kwanza wa kazi. Ni sehemu ya gharama ya shahada hii hata kama inakuja baada ya mahafali.

Sekta ipi inalipa zaidi?

Kwa jumla, ile ambayo mtambo ukisimama saa moja hasara ni kubwa, au ambayo kipande kibovu kinaweza kuua: semikonda, dawa, vifaa tiba, ndege, usafishaji mafuta. Samani, nguo na ufungashaji hulipa kidogo zaidi, lakini hukukabidhi laini nzima mapema, na uzoefu huo unauzika.

Roboti hazitachukua kazi hii?

Unimate, roboti ya kwanza ya viwandani, ilianza kazi kwenye kiwanda cha General Motors mwaka 1961. Tangu hapo kila roboti imehitaji mtu wa kuamua ikae wapi, ishike nini, na ifanye nini kipande kinapofika kimepinda. Huyo ni mhandisi wa uzalishaji. Kilicho hatarini ni kazi ya kunakili takwimu na kuchora michoro midogomidogo, ambayo ndiyo waliyokuwa wakipewa wahitimu wapya. Uliza basi, chuo kinakufundisha michoro tu au kinakuweka mbele ya mashine?

## Njia nyingine

Nianze na stashahada, kisha niongeze shahada baadaye?

Kwa familia isiyo na akiba, hii ndiyo njia ninayoipendekeza mara nyingi zaidi. Unaingia kazini mapema, unalipwa, unajua kama kelele na zamu unaziweza, na huenda mwajiri akachangia ada (tazama swali la mwajiri anayelipia ada hapo chini). Mhandisi aliyewahi kushika kerezo huwa pia anaaminiwa haraka na mafundi.

Hatari iko kwenye kuhamisha masomo. Kabla ya kujiunga na stashahada, pata kwa maandishi kutoka chuo cha shahada ni kozi ngapi watazitambua. Zikitambuliwa za mwaka mmoja tu kati ya miwili, umerudi kwenye hasara ya kuchelewa iliyoelezwa juu.

Chuo chenye jina kinafaa gharama ya ziada?

Mara chache. Stacy Dale na Alan Krueger walichunguza swali hili Marekani, wakachapisha mwaka 2002: walipolinganisha wanafunzi waliokubaliwa na vyuo vilevile, waliochagua chuo kisicho na jina kubwa walipata kipato kinachokaribiana na wenzao. Waliofaidika zaidi na chuo cha jina walikuwa wanafunzi wa familia zenye kipato cha chini. Utafiti wa Norway wa Kirkebøen, Leuven na Mogstad, wa 2016, nao ulikuta kwamba fani unayosoma inabadilisha kipato kuliko chuo unachosomea.

Kwa hiyo kabla ya jina, tazama karakana. Mashine zinafanya kazi au zimefunikwa turubai? Mwanafunzi anakaa saa ngapi kwa wiki akishika kazi kwa mikono? Wahitimu wa mwaka jana wako viwanda gani?

Je, ithibati, yaani uthibitisho rasmi kwamba programu inakidhi viwango, ina uhusiano na pesa?

Ndiyo, hasa ukitaka kufanya kazi nje au kusajiliwa kama mhandisi mtaalamu. Makubaliano ya Washington ya 1989 yanawezesha mashirika ya ithibati ya nchi wanachama kutambua shahada za uhandisi zilizothibitishwa na wenzao. Kwa wahandisi teknolojia kuna Makubaliano ya Sydney ya 2001, na kwa mafundi sanifu yale ya Dublin ya 2002. Kutambuliwa huko hakukupi leseni moja kwa moja. Kunakuondolea kikwazo cha kuonekana hujasoma.

Kagua programu yenyewe, maana chuo kinaweza kuwa na ithibati ya uhandisi wa umeme na kukosa ya uzalishaji. Kagua pia mwaka inapoisha.

Niunganishe na shahada ya uzamili mara moja?

Kwa kazi ya kiwandani, subiri. Fanya kazi miaka miwili mitatu, ujue unakwama wapi, ndipo usome. Mara nyingi utakuta unahitaji fedha na uongozi kuliko uhandisi zaidi. Anayelenga utafiti wa vifaa vipya au kufundisha chuo, huyo aendelee.

## Hali za pekee

Nina miaka 35, ni fundi mzoefu. Nimechelewa?

Inategemea kama utaacha kazi. Ukiacha, hesabu ya miaka tisa inakuhusu, na kwa mshahara wako wa sasa huenda ikazidi, kwa sababu unaacha zaidi na pengo ni dogo. Ukisoma jioni kwa miaka sita huku mshahara ukiingia, gharama yako ni ada na usingizi tu. Utahitimu na miaka 41, ukiwa na karibu miongo miwili ya kuvuna, na hutaanza na mshahara wa mgeni. Angalia kwanza kama kiwandani kwako kuna cheo ambacho kweli kinakunyima nafasi kwa kukosa shahada. Kama hakipo, kozi fupi ya programu za mitambo ya kujiendesha au ya udhibiti wa ubora inaweza kukupandisha kwa gharama ndogo sana.

Nimemaliza mwaka wa tatu na nataka kuacha. Nimalizie?

Ulicholipa kimeshakwenda, ubaki au uondoke. Hesabu yaliyo mbele tu. Kwa mfano wetu, mwaka mmoja uliobaki unagharimu 120, na pengo la 40 linarudisha hiyo kwa miaka mitatu. Kwa pesa, kumalizia kunashinda karibu kila mara. Kwa aliye mwaka wa kwanza na amefeli hisabati mara mbili, hesabu hiyo inageuka, na kuhamia stashahada si aibu.

Kama unachotaka kukikimbia ni kiwanda chenyewe, kelele, joto, kuamshwa usiku, jua kwamba shahada hii inakubalika pia kwenye ununuzi, ugavi, ukaguzi wa ubora na mauzo ya mashine.

Mwajiri anataka kunilipia ada. Nikubali?

Kubali, baada ya kusoma kipengele cha kubaki kazini. Kawaida unaahidi kukaa miaka kadhaa, na ukiondoka mapema unarudisha pesa. Dai vitu vitatu viandikwe: kiasi cha kurudisha kipungue kila mwaka unaokaa, kifutike kabisa wakikupunguza kazi wao, na mshahara wako uhamie ngazi ya mhandisi siku unapohitimu. La tatu ndilo husahaulika zaidi, na bila hilo unaweza kuwa mhandisi kwa cheti na fundi kwa malipo kwa muda wote wa mkataba.

Nitahitimu wakati uchumi umedorora. Nifanye nini?

Athari yake ni ya kweli. Oreopoulos, von Wachter na Heisz, katika utafiti wa wahitimu wa Kanada uliochapishwa 2012, walikuta hasara ya kuanzia ya karibu asilimia 9 ya kipato, ikipungua taratibu na kuisha katika miaka kumi hivi. Sehemu kubwa ya kupona ilitokana na kuhama kwenda kwa waajiri bora zaidi.

Kwa hiyo chukua kazi inayokuweka karibu na laini ya uzalishaji hata kama mshahara hauridhishi, na usiizoee. Weka rekodi ya kila ulichoboresha kwa tarakimu: sekunde zilizopungua, vipande vibovu vilivyopungua, saa za kusimama kwa mtambo. Viwanda vikianza tena kuajiri, mwenye ukurasa mmoja wa tarakimu hizo ana la kuonyesha kwenye usaili, na asiye nao atahesabiwa kama mhitimu mpya.